Kampuni inataka michezo yangu, haiwataki waigizaji wangu

BARUA

Dada Mshauri, salamu.

Mke wangu husoma safu yako kila Jumapili. Hunisomea kwa sauti jikoni, tukawacheka kidogo wenye shida zao. Leo ni zamu yangu. Ukiichapisha barua hii, Jumapili hiyo nitajitia nina safari.

Nina miaka 60 na kazi yangu ni kutayarisha michezo ya kuigiza. Nilitoka Majengo, Mombasa, mwaka 1989 kuja Nairobi kutafuta ukarani, nikaishia kubeba viti na kushona pazia nyuma ya jukwaa la watu. Mwaka 1992 nikaanzisha kikundi changu: watu saba, sanduku la bati la maleba, na deni. Watu wameongezeka wakawa kumi na wanne, masanduku yamekuwa matatu, na deni nalo halijaniacha.

Riziki yetu ni vitabu teule vya fasihi, setibuku wanavyoziita wanafunzi. Vikitangazwa vipya, tunavisoma kabla hata walimu hawajavipata. Desemba tunafanya mazoezi, Januari tunaingia barabarani. Shule moja inakuwa mwenyeji, za jirani zinaleta mabasi, kila mwanafunzi analipa sh200. Saa tatu asubuhi mchezo, saa sita maswali: maudhui, wahusika, weka dondoo hili katika muktadha wake. Tumecheza mabwaloni, makanisani, uwanjani chini ya miembe. Kuna shule huko Kitui umeme ulikatika katikati ya mchezo, dereva wa basi akalisogeza basi lake mpaka mlangoni, akatuwashia taa za mbele, tukamaliza. Wale watoto walipiga makofi kwa dereva kuliko walivyotupigia sisi.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona nilidhani ni wiki tatu. Tulikaa hadi Januari 2021 wanafunzi wote waliporudi. Nisani yetu ya kubebea maleba ikabeba viazi kutoka Kinangop, mimi nikawa taniboi wa gari langu mwenyewe. Hatukufa. Ndiyo maana nilidhani tumeshayaona yote.

Safari hii kinachotumaliza ni kalenda. Darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa masomo, 8-4-4, litafanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, mwaka 2027. Mwaka huu tuna kidato cha tatu na cha nne, mwakani kitabaki cha nne peke yake. Gredi ya 10 wameingia sekondari pevu Januari, lakini kila mwalimu mkuu ninayempigia simu ananiambia, "Mzee, tungoje kwanza." Zamani shule mwenyeji ilinijazia watoto mia nane. Muhula uliopita, Machakos, tulicheza mbele ya 140, na nusu ya pesa bado tunadai. Kijana mmoja akaniambia bila ubaya wowote, "Mwalimu, mimi niliuona YouTube, dakika kumi na mbili." Nikautafuta. Ulikuwa mchezo wetu wenyewe, umerekodiwa na mtu kwa simu, na mbele ya picha, muda wote, ni kisogo changu na upara wake.

Sasa nije kwenye lenyewe. Kuna binti niliyemtoa shule ya upili nikamfundisha kazi, akaniita Baba hadi leo. Sasa ana jina mtandaoni na anafanya kazi na kampuni moja ya video hapa jijini. Mwezi uliopita aliniletea mkataba. Kampuni inataka michezo sita, irekodi na kuwauzia shule na wazazi. Watalipa sh2.4 milioni kwa awamu tatu. Wanachukua haki zote, jina la kikundi, maandishi, maleba na vifaa. Mimi nitakuwa "mshauri wa ubunifu" mwaka mmoja. Waigizaji watatafuta wao, nyuso ambazo vijana wanazijua. Wananipa hadi mwisho wa mwezi.

Mke wangu ni mwalimu mstaafu. Alisoma kurasa zote, akavua miwani, akasema, "Umewalisha watu wazima miaka thelathini. Utajilisha lini?" Nina mkopo wa chama cha akiba wa sh680,000 niliouchukua baada ya korona kufufua gari na kulipa watu. Anaujua. Sikuwa na la kumjibu.

Kikundi sijakiambia kitu. Hasa mmoja, ambaye sote tunamwita Chifu kwa sababu hajapata kucheza asiyekuwa mkubwa wa mahali. Amekuwa nami tangu 1997, ana miaka 63, anaishi Kayole, hana pensheni, goti moja limekataa ngazi. Koti la kaki analovaa ni lile lile tangu mwaka wa kwanza, tunabadilisha vifungo tu. Muhula uliopita tukiwa Bungoma alisahau maneno. Miaka yote sikuwahi kumwona akisahau. Alisimama katikati ya bwalo, mkono juu, mdomo wazi. Msichana mmoja safu ya tatu, ambaye kitabu alikijua kuliko sisi, akamtajia mstari kwa sauti ndogo. Ukumbi ukacheka, Chifu akamwinamia kama anamshukuru malkia, akaendelea. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Lakini kutoka Webuye hadi Nakuru hakusema neno garini, na Chifu ni mtu wa kusema.

Nikitia sahihi, nimemuuza yeye na koti lake. Nisipotia, namzamisha yeye pamoja na mimi na mke wangu, maana jukwaa limekufa na vijana hawalitaki. Nimewaficha ili wasiumie kabla ya wakati. Usiku nalala nikihesabu boriti. Nifanye nini?

Mtayarishaji, Nairobi


MAJIBU

Kaka yangu,

Nikiwa kidato cha nne kikundi kilikuja shuleni kwetu. Bwalo lilikuwa bado linanuka githeri ya jana, meza sita zimeunganishwa zikawa jukwaa, na moja ilikuwa na mguu mfupi, kwa hiyo kila mtawala alipokanyaga pembe ile nchi nzima ilitikisika. Alama nilizopata kwenye karatasi ya fasihi sizikumbuki. Meza ile naikumbuka. Nakwambia hivi ili ujue kwamba nikikuuliza maswali magumu huku chini, simwulizi mtu ambaye kazi yake naidharau.

Nikiielewa barua yako, kuna karatasi mezani yenye pesa za kulipa mkopo na kukuachia kitu, nayo inataka kila ulichojenga isipokuwa watu uliokijenga nao. Mkeo anaona malipo yaliyochelewa. Wewe unaona usaliti. Tarehe inakaribia, na wanaohusika zaidi ya wote hawajui kwamba tarehe ipo.

Umeniandikia kwamba jukwaa limekufa. Hapo naomba tutulie kidogo. Kinachokufa, kwa ushahidi wa barua yako mwenyewe, ni biashara ya kuwapelekea watoto wa 8-4-4 mchezo wa kitabu cha mtihani. Hiyo ina tarehe ya mwisho kweli, 2027, na hakuna hamasa itakayoisogeza. Lakini jukwaa ni pana kuliko karatasi ya mtihani. Tangu 2017 kuna vijana wanaosimulia historia ya Kenya jukwaani, wanajiita Too Early for Birds, na tiketi zao huisha. Waliokaa pale ukumbini ni wale wale unaosema hawataki jukwaa, na wanalipa zaidi ya sh200, kwa hiari yao, bila mwalimu wa zamu mlangoni. Kikundi cha maigizo cha Phoenix Players nacho kilikaa pale Professional Centre, Nairobi, tangu miaka ya 1980, kikafungwa 2017, mwaka ule ule, tukaomboleza kana kwamba tumezika fani yenyewe. Waliofundishwa pale leo tunawaona kwenye runinga na filamu. Ukumbi ulifungwa, ufundi ukahama na wenyewe.

Wala usinisikie nikisema kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, na mwaka 1976, miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, tamthilia mbili za Kenya zilizokuwa zinaandaliwa kwenda tamasha la FESTAC kule Lagos ziligombania siku chache tu kwenye jukwaa lile huku michezo ya kigeni ikipewa nafasi kubwa. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamirithu, huko Limuru, walijenga jukwaa lao wenyewe nje ya mji, kibali chao kikafutwa, na 1982 likabomolewa. Watu wa kazi yako wamezoea kuambiwa hakuna mahali. Hilo la kwenda na masanduku kwenye mabwalo lenyewe lilikuwa jibu la mtu aliyeona ukumbi wa mjini haumtoshi.

Kwa hiyo naona mambo matatu yamefungwa kitita kimoja: soko la setibuku, kikundi chako, na wewe. La kwanza linaelekea kwisha. Mawili ya mwisho sijaona mahali ulipothibitisha kwamba lazima yaende nalo. Unaweza kuthibitisha, sijui. Ila ulipoandika ulihama kutoka moja hadi jingine kwa sentensi moja, na usiku wa kuhesabu boriti unakuja pale vitu vinapochanganyika hivyo.

Sasa mkataba wenyewe. Mimi si wakili, na kabla ya kalamu kugusa karatasi tafadhali mtafute mmoja, hata kwa saa moja. Lakini nina swali ambalo huenda likakushtua: hizo haki zote ni zako?

Maneno ya kwenye tamthilia ni ya mwandishi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ruhusa ya kuigiza mbele ya wanafunzi haina maana ya ruhusa ya kurekodi na kuuza. Kama ruhusa zako zilikuwa za simu na kupeana mkono, kama zilivyo nyingi katika kazi hii, basi kampuni inataka kununua kwako kitu ambacho pengine unakikodi tu. Uliyoyaandika mwenyewe, kwa mfano pale ulipogeuza riwaya kuwa mchezo, hiyo ni habari nyingine, na hata hapo mwenye riwaya ana neno. Sheria hiyo hiyo inampa mwigizaji haki juu ya kurekodiwa kwa uigizaji wake, kwa hiyo hata ile video yenye kisogo chako ina wanaoweza kulalamika wengi kuliko wewe. Na jina la kikundi umelisajili kwa jina lako, au mlijiandikisha kama kikundi cha watu kadhaa? Kama ni la pili, Chifu si mtu unayemficha habari tu. Huenda ni mmoja wa wauzaji, na hajui kuna mnunuzi.

Nisikuongopee, hili linaweza kukuumiza pia. Ukienda kwa kampuni na orodha ya "hiki si changu, hiki si changu," bei itashuka, au wataondoka. Lakini likijulikana baada ya kulipwa awamu ya kwanza, linaweza kurudi na wakili wao, na hapo mkopo wa 680,000 utaonekana mdogo. Ofisi ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ipo Nairobi hapo hapo, unaweza kwenda kuuliza kabla ya mwisho wa mwezi.

Tuseme yako ni sehemu, na sehemu hiyo unaweza kuiuza. Huo mkataba unausoma kama mlango wenye kitasa kimoja. Watu wanaouza video wanajua pia kukodi. Wanaweza kupewa ruhusa ya kurekodi michezo miwili au mitatu kwa miaka kadhaa, jina likabaki lako, maleba yakabaki kwenye sanduku. Unaweza kudai idadi fulani ya waigizaji wako waitwe kwa majaribio kama wengine, au baadhi ya wahusika wachezwe na watu wako. Wakikataa, utakuwa umejua kwamba shida haikuwa pesa. Binti yako huyu anajua ndani ya kampuni nani hukubali nini, muulize wazi. Lakini mwangalie naye. Yuko kati ya mwajiri wake na mtu anayemwita Baba, na ukimgeuza mjumbe wako anaweza kupoteza pande zote mbili. Katika barua yako umemtaja mara moja kisha ukamwacha, na sikusikia hasira wala shukrani. Nahisi ziko zote mbili. Kuna wazazi wengi wenye biashara wangeomba mtoto aliyeondoka arudi na mnunuzi.

Ukitia sahihi kama ilivyo, mkeo atapumua na wewe utapata mwaka mmoja wa kuitwa mshauri. Jiulize siku ya nne ya kurekodi itakuwaje, mwelekezi wa miaka 27 akimwambia kijana mgeni asimame pale ambapo wewe ungemsimamisha pembeni, na wewe umeketi kwenye kiti chenye jina lako, bila sauti. Wapo wanaoweza, wanachukua hundi na kulala vizuri, na siwalaumu hata kidogo. Ni wewe unayejua kama umo kati yao.

Ukikataa na kuendelea hadi 2027, una mihula michache ya kuwaaga shule ulizozizoea, na ya kudai madeni yako kwa bidii kuliko ulivyowahi. Hatari yake unaijua, mafuta ya nisani hayangojei mwalimu mkuu apate mgao wa serikali. Ningetaka kuona hesabu ya muhula mmoja, ya kweli, uliyoandika na mkeo upande wa pili wa meza. Mwalimu mstaafu anajua kusahihisha.

Na kuna njia ambayo hukuitaja kabisa, nikashangaa. Katika mtaala mpya, mkondo wa sanaa na michezo kwenye sekondari pevu una somo la Michezo ya Kuigiza na Filamu. Ni kweli kwamba Fasihi sasa ni somo la kuchagua, na umati wa mia nane hautarudi kwa njia hiyo. Lakini kuna walimu watakaopewa somo la jukwaa ambao hawajapata kufunga pazia, na wewe unajua kuwasha mchezo kwa taa za basi. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lipo tangu 1959, na shule huita watu wa nje kuwanoa watoto. Umri wa Chifu, huko, ni sifa. Kumfundisha mtoto wa miaka kumi na sita kusimama wima akiwa mtawala hakuhitaji goti zima. Sasa na mimi nijipinge: shule zinazokudai leo ndizo zitakazokudai kesho, huna nambari ya TSC, tume ya walimu, ya kukulinda, na malipo ya mkufunzi wa muda hayalishi watu kumi na wanne. Huenda yakalisha watano. Wale tisa wengine ni lazima wawe mahali fulani kwenye hesabu yako, kwa jina.

Nimeacha la mwisho lile ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi zaidi ya pesa.

Umeandika kwamba umewaficha ili wasiumie kabla ya wakati. Naamini ndivyo unavyolihisi. Ila fikiria upande wao. Mwigizaji wa miaka 30 katika kikundi chako, akijua leo kwamba 2027 ni mwisho, ana muda wa kuomba kazi, kurudi chuo, kuanzisha genge. Akijua mwakani, hana. Wao pia wanasoma magazeti, wanajua 8-4-4 inaisha, waliwahesabu watoto 140 Machakos kama ulivyowahesabu wewe. Pengine garini kila mtu anamficha mwenzake kitu kimoja. Kuwaambia kuna gharama yake. Wawili watatu wanaweza kuondoka katikati ya ratiba, na uvumi utafika kwa kampuni kabla yako. Unaweza kupima wakati wa kusema. Nauliza tu unamlinda nani kwa kila wiki inayopita, wao, au ile jioni utakayolazimika kusimama mbele yao bila maneno uliyoyakariri.

Na Chifu. Umeusimulia ukimya wa Webuye hadi Nakuru, lakini hukuniambia ulimwuliza nini mlipofika. Hamkusemezana? Inawezekana anaogopa kwamba akili inaanza kumtupa, na hapo anahitaji daktari kuliko anavyohitaji mchezo mwingine. Inawezekana alichoka tu, safari ile ni ndefu. Inawezekana pia kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akitafuta namna ya kukwambia anataka kupumzika, akaona akikuacha kikundi kitaanguka, akanyamaza kwa ajili yako kama unavyonyamaza kwa ajili yake. Sijui ni lipi. Wewe pia hujui, na umeshaamua kwamba kutia sahihi ni kumuuza. Mtu hawezi kujua kama anamuuza mwenzake kabla hajajua mwenzake anataka nini.

Halafu niruhusu jambo dogo la kidada. Ulipoeleza mkono uliobaki juu na mdomo uliobaki wazi, niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Ina mambo madogo madogo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua. Nikajiuliza kama mzee aliyesahau mstari wake Bungoma alikuwa mmoja au wawili. Una miaka 60, Kaka. Umekuwa ukijua mstari unaofuata tangu 1992, na sasa kwa mara ya kwanza huujui. Hilo peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi, hata angekuwa hana mkopo.

Ningependa kusikia ulivyoamua, na hata kama hujaamua niandikie. Kabla ya mwisho wa mwezi ungeweza kumtafuta wakili, kupita KECOBO, kukaa na mkeo na daftari. Yoyote kati ya hayo unaweza kuyaacha ukipenda, wewe ndiye unayeijua kazi yako. Ila siku moja wiki hii panda matatu ya Kayole peke yako, bila karatasi. Mkataba unasema maleba yote yanakwenda, na lile koti la kaki limo kwenye orodha. Mwulize anayelivaa.